Shemasi na Kengele ya Mwisho

Namwandika Shemasi angali hai, na nafanya hivyo makusudi. Watu wetu wana tabia ya kungoja mtu azikwe ndipo wasimame mmoja mmoja kumsifu, kila mmoja na karatasi yake mkononi, na mimi sina hamu ya kusimama pale. Miti ya barabarani imeshaanza kuzaa vile vitunda vyekundu vya mwisho wa kiangazi, asubuhi zina baridi, na wiki hii simu yake imelia kwangu zaidi ya mara moja nikaiacha ilie. Kwa hiyo naandika.

Tulikuwa majirani Husby, kitongoji cha huku Uswidi, kwa miaka mingi, ngazi moja, mlango wake ukitazamana na wangu. Mimi ni Mtanzania, mwanamke wa Tanga, nililetwa huku na masomo nikabaki na kazi ya kompyuta mtaa wa jirani, Kista. Yeye ni Mkongo wa mashariki, shemasi wa kanisa linalosali kwenye ukumbi wa kukodi, na kabla ya kustaafu alikuwa akitunza majengo ya shule. Jina analo, lakini pale kwetu hakuna aliyelitumia. Hata wazee wa Kiswidi wa ghorofa ya chini walimwita Shemasi, wakidhani ndivyo alivyobatizwa.

Ni mfupi, mpana wa mabega, na nguo zake zimepigwa pasi hata anapoteremka kutupa takataka. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipomkuta ngazini ndani ya zile nguo za kubana za waendesha baiskeli, nilirudi ndani nikafunga mlango.

"Mama, unafunga mulango?" akaita kwa nje. "Ni miye! Ni michezo!"

Michezo yenyewe, kwa asiyeijua, ni ya watu wasiojionea huruma. Majani yakianza kuanguka na mvua ikalainisha ardhi, wenzetu hawa wanazungusha utepe msituni na uwanjani, wanatia mbao za kuruka na vilima vya tope, kisha wanashindana kwa baiskeli kuuzunguka mzingo huo. Pasipopandika mtu anashuka, anaitupa baiskeli begani, anakimbia nayo. Wazee wana kundi lao. Usifikiri wanaendesha taratibu kwa sababu ya umri; wale wazee wana sura za watu waliogombana na wake zao asubuhi.

Alivyoanza, alikuwa akimsimulia kila mgeni, na kila mara alisimama ili aigize. Alikuwa akipita zake kwenye mbuga ya Järva akitoka kazini, akaona watu wanatoka mitini mbio, baiskeli mabegani, matope hadi kwenye kope.

"Nikajua kuko kitu nyuma yao," husema. "Bazungu bote banabeba kinga ku mabega, banakimbia, uso umekuwa muekundu. Nikasimama kungojea nione kile kitu. Hakukuwa kitu! Na bibi ya moja iko pale, anamupigia mikono!"

Kinga kwao ndiyo baiskeli. Hapo ukumbi wote hucheka, na yeye hucheka kuliko wote. Mara moja tu, tukiwa wawili mezani kwangu tunakula pilau, aliiongezea hadithi hiyo mkia. Alisema na yeye kinga alishaibeba begani, mu pori, zamani. "Ile siku kulikuwa kitu nyuma." Kisha akaniomba chumvi. Nilimpa chumvi na sikuuliza, maana uso wake haukuwa wa mtu anayetaka kuulizwa.

Baiskeli yake ya kwanza aliiokota kwenye chumba cha takataka kubwa cha jengo letu, akaifanya mpya kwa mikono yake. Aliiosha kwenye chumba cha kufulia. Hapo sasa palizuka vita, kwa sababu Mswidi utamchezea kila kitu chake isipokuwa zamu yake ya kufua. Likabandikwa tangazo mlangoni kwamba matope ni marufuku. Shemasi alilisoma, akalisifu kwa hati nzuri, akaanza kuiosha bafuni kwake. Mkewe, mama mdogo wa umbo anayehudumia wazee majumbani, aliingia bafuni akatoka kimya. Siku hiyo nilijifunza kwamba mama yule akinyamaza ndipo pa kuogopa.

Mama huyo hakuwahi kwenda kwenye mbio hata moja. Mimi ndiye mwenye gari, basi mimi ndiye niliyempeleka, na kila tulipokuwa tunaondoka alisimama mlangoni na khanga begani akaniambia maneno yaleyale: "Weye njo unamupeleka. Weye njo utamurudisha." Yaani mimi ndiye. Alisema kwa upole, wala hakunikunjia uso. Tuliporudi alimpapasa mumewe kifuani kwa kiganja, kama mtu anayepima joto la mtoto, ndipo akamruhusu apite.

Alikuwa na sababu. Moyo wa Shemasi ulishawahi kumgomea. Alikaa hospitali, akarudi na vidonge vya kila siku na onyo la daktari: atembee, aendeshe polepole, asijishindanishe na mtu. Binti yao, ambaye tangu mdogo akiulizwa kwa Kiswahili anajibu kwa Kiswidi, alimwambia mbele yangu, "Pappa, sluta nu." Acha sasa. Shemasi akamkumbatia.

"Docteur alikataza kazi ya nguvu," akaniambia baadaye. "Hii haiko kazi, jirani. Nani ananilipa?"

Na ni mtu huyuhuyu aliyekuwa akinifokea kwa kutia chumvi nyingi mchuzini! Ni yeye aliyewachukulia wazee wa kanisa dawa zao, akawapigia simu asubuhi kuhakikisha wamezimeza. Mama mmoja mwenye kisukari aliacha vidonge vyake siku mbili, Shemasi akaenda kukaa sebuleni kwake, kofia magotini, hadi alipovinywa. Kwa moyo wa mwenzake alikuwa askari. Wake mwenyewe aliufanya kama mbwa wa jirani, anabweka tu, hang'ati. Hilo lilinikera na linanikera mpaka leo.

Alikuwa na desturi moja kabla ya kila mbio. Vidole vyake huvimba akikamata usukani muda mrefu, kwa hiyo aliivua pete ya ndoa akanipa mimi. Haikutoka kirahisi. Alitema mate, akazungusha, akakunja uso, na siku nyingine ilibidi tuombe sabuni kwenye choo cha uwanjani. Ikishatoka aliniwekea kiganjani: "Shika, jirani." Mimi niliitia kwenye kidole gumba nikakunja ngumi. Sijui kwa nini nilikunja ngumi. Kila alipozama msituni niligundua kucha zangu zimeniingia kiganjani.

Msitu ndio niliouchukia. Uwanjani unamwona mtu wako. Akishaingia kwenye misonobari humwoni tena, unasikia matawi tu na mtu anakohoa mahali usipopajua, na kunguru wa huku wana sauti mbaya. Wanatoka mmoja mmoja, wote rangi ya udongo, nami nilikuwa natafuta fulana ya njano ya kwaya aliyokuwa akiivaa juu ya zile nguo za kubana. Alipotoka, midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Kila mara nilijiambia hii ndiyo mara ya mwisho kumleta, na kila mara nilimleta tena, kwa sababu bila mimi angeenda kwa baiskeli hiyohiyo, na huko asingekuwepo wa kumtazama.

Alichokitaka kilikuwa kidogo hata ni aibu kukitaja. Alitaka kengele. Anayeongoza akianza mzunguko wa mwisho, pale kwenye mstari hupigwa kengele, na wote wanaofuata hupigiwa. Lakini katika zile mbio sheria ilikuwa kwamba ukipitwa mzunguko mzima na anayeongoza, unatolewa. Shemasi alikuwa anapitwa siku zote. Kulikuwa na mama mmoja wa Kiswidi mwenye koti la njano na bendera nyekundu ambaye kazi yake ndiyo hiyo, na alimtoa kwa heshima: "Tack för idag," yaani asante kwa leo. Shemasi alimwinamia kama wanavyoinamiana kanisani, akaja kuniomba pete, na nyuma yake kengele ikawalilia wengine.

"Siku moja itanililia na miye," alisema ndani ya gari. Hakulisema kwa huzuni. Alilisema kama mtu anayesubiri mgeni aliyeahidi.

Vuli iliyopita kulikuwa na mbio za siku mbili, Jumamosi na Jumapili, mahali pamoja. Jumamosi mama wa bendera alimtoa mapema kuliko kawaida. Aliketi kwenye gari mlango ukiwa wazi, mikono imening'inia, na nilipompa chai akaikataa kwa kichwa. Nilidhani ana kichefuchefu.

Jumapili asubuhi nilikuja na maandazi, bado ya moto. Tukiwa barabarani nikayafungua. Akayatazama, akatazama dirishani.

"Tunafunga, jirani. Kanisa yote. Tangu juzi mpaka leo jioni."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Nikayafunika maandazi. Halafu nikauliza. "Na dawa?"

"Ku kopo banaandika, kunywa pamoja na chakula," akasema, kwa utulivu wa mtu aliyetii. "Sina chakula, basi sina dawa. Njo vile docteur alisema."

Nilisimamisha gari kwenye kituo cha basi. Wallahi nikazima na injini. Nilimwambia kwetu mgonjwa hafungi, Mungu mwenyewe kamruhusu, hakuna anayemshinda Mungu kwa ukali. Nilimwambia ale andazi moja, nusu, robo, ameze kidonge, mimi nitabeba dhambi. Nilimwambia yeye ndiye aliyekuwa anakaa kwenye viti vya watu akiwalinda wameze.

"Bale ni bagonjwa," akajibu. "Mugonjwa iko ku kitanda. Miye niko ku gari, ninaenda." Akanigusa bega. "Ukitaka kurudi, rudi, jirani. Nitoe tu kinga yangu nyuma."

Naye angeenda kweli, kwa baiskeli, tumbo tupu, kwenye mvua. Nikaendesha. Tulipofika sikumngoja avue koti. Nilikwenda moja kwa moja kwenye hema la huduma ya kwanza, nikamweleza yule dada aliyekuwa zamu kila kitu: moyo, vidonge, mfungo. Alikuja akamkuta, akamwuliza. Shemasi alimjibu kwa Kiswidi chake kizuri kuliko vyote, kile cha ofisini, kwamba yuko salama na anashukuru sana kwa kujali. Yule dada akanitazama. Hakuwa na mamlaka ya kumfunga kamba. Lakini nilimwona anachukua begi lake na ile mashine ya kushtua moyo, anatoka hemani, anakwenda kusimama kwenye mvua pale njia inapotokea msituni. Nampenda dada yule hadi leo na jina lake silijui.

"Shika, jirani." Pete ilitoka kwa sabuni.

Mvua ilikuwa imeligeuza tope uji. Hakuna aliyeweza kupanda. Wote walikuwa wanakimbia na baiskeli mabegani, warefu kwa wafupi, na wale wenye baiskeli ghali walikuwa wanateleza na ughali wao. Shemasi hakuteleza. Alikuwa anakwenda hatua fupifupi, chuma kimekaa begani sawasawa, macho chini. Tena yule aliyekuwa akiongoza alipasukiwa na gurudumu, akapoteza muda mwingi. Mimi nilikuwa naona haya yote yanapangika, nikazidi kuikunja ngumi yenye pete. Mtu mwingine angefurahi.

Shemasi alipokuja kwenye mstari mama wa bendera aliinua mkono. Akageuka kutazama nyuma. Anayeongoza alikuwa amepita zamani kidogo na kengele yake, lakini hakuwa amemzunguka Shemasi na kumpita. Mama akashusha bendera. Na yule mzee wa kengele akaipiga, kwa nguvu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hata yeye alikuwa anamjua.

Shemasi aliitazama kengele badala ya njia, akakaribia kuuvaa utepe. "Jirani!" akapaza sauti. "Unasikia?"

"Nimesikia! Sasa shuka!" nilipiga kelele. "Inatosha, shuka!"

Alikuwa ameshapita. Nikaiona ile fulana ya njano inapungua, ikaingia kwenye misonobari.

Akatoka anayeongoza, akaenda kumaliza, watu wakapiga makofi. Wakatoka wawili, kisha wengine watatu pamoja. Halafu hakutoka mtu. Matawi hayakutikisika. Nilianza kukimbia na viatu vyangu vya mjini, nikaanguka, nikainuka, nikamwona yule dada amekwisha kupiga goti anafungua begi kabla ya chochote kutokea, akiangalia tu ile nafasi kati ya miti. Sijawahi kuogopa vile.

Akatoka. Alikuwa anatembea, baiskeli begani. Uso haukuwa na rangi hata ile ya jivu. Aliiteremsha baiskeli taratibu, akaiegemeza kwenye nguzo ya utepe kama anavyoiegemeza nje ya ukumbi wao Jumapili, akahakikisha imesimama, akaanguka kifudifudi. Mstari ulikuwa mbele yake, ungeweza kurusha kofia ukaufikia.

Yale yaliyofuata siyaelezi. Mashine ilifanya kazi yake na yule dada alifanya yake. Pete niliikabidhi mwenyewe kwa mkewe kwenye ukumbi wa hospitali. Hakunilaumu. Aliipokea, akaivaa kwenye kidole gumba kama nilivyokuwa nimeivaa mimi, akageukia dirisha.

Shemasi aliamka, alhamdulillahi, na siku zile mbili zimefutika kichwani mwake. Anakumbuka Ijumaa, anakumbuka mfungo ulipotangazwa. Baada ya hapo hana kitu mpaka dari la hospitali.

Mimi nilihamia mtaa mwingine, Rissne, majira ya baridi, kwa sababu za nyumba, ingawa sikatai kwamba ule mlango wa mbele yangu ulikuwa umenielemea. Mwanzo wa kiangazi nikaenda kuwasalimia. Gari nililiacha nyumbani makusudi, nikapanda treni.

Amekonda. Shati limepigwa pasi lakini shingo inaogelea ndani ya kola. Mkewe alinipokea kwa furaha, akaleta sombe, kisamvu chao, na wali, akarudi jikoni kuosha vyombo. Kupitia kioo cha mlango wa roshani niliiona baiskeli. Ilikuwa safi. Magurudumu yalikuwa yamejazwa upepo, na mnyororo uling'aa kwa mafuta mapya.

Shemasi aliniona nilipotazama. Akasogeza kiti.

"Jirani, nataka kukuuliza, na weye usiniongopee. Ile siku, balinitoa?"

"Nani kakwambia?"

"Mama Furaha," akasema, akionyesha jikoni kwa kidevu. "Anasema balinitoa sawa na siku zote, nikaangukia karibu ya gari, nilikuwa navua viatu. Basi kengele bado. Njo maana natengeneza kinga."

Nikainua macho. Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni nyuma ya mumewe, mikono inachuruzika povu, ananitikisia kichwa polepole. Nikaelewa kila kitu. Alidanganya ili mumewe aone hapakuwa na kitu cha maana kule, aichukie ile michezo. Na uongo huo ndio uliokuwa unamrudisha, kwa sababu kengele ilikuwa bado haijalia. Nikafikiri: akijua ilishalia, roho itatulia, ataitundika baiskeli. Nilifikiri hivyo kwa haraka na kwa moyo safi, na mkewe alikuwa bado anatikisa kichwa.

"Walikupigia," nikasema.

Akaniinamia. "Balinipigia miye?"

"Kwa nguvu. Uliniita, ukaniuliza kama nasikia."

Alifunga macho. Machozi yalimtoka bila sauti na mimi yakanitoka, na kwa muda mfupi niliamini nimefanya jambo jema. Kisha akafungua macho.

"Na mustari? Niliufikia?"

Sikuwa na uongo wowote tayari. "Hapana," nikasema. "Ulianguka ulipotoka msituni. Ulikuwa umeukaribia."

"Nilikuwa nimeukaribia," akarudia, polepole, na uso wake ukaanza kuchangamka. "Kumbe ilibaki kidogo tu."

Akaitazama roshani, akaitazama mikono yake. Ile pete ambayo zamani ilitaka mate na sabuni, sasa aliinamisha kidole tu ikatoka yenyewe, ikabiringika kwenye kitambaa cha meza. Akaisukuma kwangu kwa ncha ya kidole, anatabasamu.

"Shika, jirani."

Jikoni bomba lilifungwa. Mikono yangu ilikuwa chini ya meza, na sikuitoa kuipokea pete.